Mninga Uliokuwa Chuo Chako

Dada Skola,

Toka Kaliua mpaka Lusu hajazaliwa mwanaume wa kupanda mti kama mimi. Nyani wa msitu wa Sikonge wakiniona wananipa shikamoo. Shule nimeishia kidato cha pili, sawa, lakini hicho chuo chako cha ualimu cha kwenye simu, nani alikuwa anakishusha kutoka juu kwa kamba? Mimi. Wewe ulikuwa unakaa chini na daftari kama mtu anayesubiri asali. Nusu ya ile diploma ingekuwa yangu. Bisha.

Haya. Hakuna wa kubisha.

Habari za huku ndiyo hizi. Baba anakausha tumbaku. Mnara wa simu umewashwa wiki ya tatu baada ya kukuzika, upo nyuma ya kanisa, sasa intaneti inaingia mpaka jikoni, hata kuku wanayo. Simu yako Mama anaifunga kwenye pindo la kanga, anaitumia kama tochi. Wenzako wa kwenye grupu bado wanatuma masomo. Ikilia, Mama anaifungua, anaitazama, anaifunga tena. Hajui kuitoa sauti. Mimi najua. Sijamtolea.

Sijalia, Dada. Siku ya mazishi watu walikuwa wananitazama nilie, mimi nikawa nahesabu baiskeli zilizoegeshwa. Zilikuwa nyingi. Basi.

Unakumbuka nilivyoitia simu kwenye ndoo ya asali bila kuiosha? Nikaivuta kwa kamba ile ile ya kupandishia mizinga, mpaka tawi la tatu la ule mninga, pale mtandao unapoanzia. Tukakaa kusubiri somo lishuke. Nyuki wakafika kabla ya somo. Ukakimbia na daftari kichwani, "Masele, umeniandikishia wanafunzi kabla sijahitimu!" Jicho moja likavimba, ukasoma kwa lililobaki. Wenzako wa Tabora mjini walikuwa wanamwona mwalimu kwenye kioo na kumuuliza palepale. Wewe ulikuwa unamsikiliza kesho yake, na swali lako likifika, wao wameshahamia mada nyingine. Na bado ulikuwa unawapita alama. Akili za ukoo hizo, mimi nilikuachia tu utangulie.

Halafu ikaja ile kazi ya mwisho. Kurasa kumi na mbili, umeziandika kwa kidole kwenye kioo kilichopasuka. Homa ilikuwa imeshakuanza, kufika kwenye mninga huwezi. Ukanipa simu. "Mdogo wangu, usishuke mpaka iandike imepokelewa."

Nikarudi, nikasema imeenda.

Wiki iliyofuata chuo kikajibu hawajapokea kitu, muda wa kutuma umeshapita, na bila ile kazi hufanyi mtihani. Ukageukia ukutani. Nilidhani utanigombeza. Ukasema, "Mtandao wetu huu, Masele. Wala si kosa lako." Siku ya nne tukakubeba kwa baiskeli kwenda hospitali, mimi nashika usukani, Baba anakushikilia nyuma. Hukurudi.

Sasa Baba kila akipita kwenye ule mnara anautukana. Anasema ulichelewa, ungewahi mwanawe angekufa akiwa na moyo mweupe. Watu wanaitikia. Mimi naitikia kwa sauti kuliko wote.

Kazi yako bado imo ndani ya simu. Siifuti, na Mama nimemwambia asimpe mtoto yeyote aichezee. Jumapili tukitoka ibadani nitamweka Baba pembeni nimwambie yote, hata akinifukuza. Naahidi, na safari hii siyo ahadi zangu zile unazozijua. Ila nimeona haifai wewe uwe wa pili kusikia. Pumzika, Dada yangu. Nakuaga hapa, maana nikiendelea nitaanza tena kujisifu.

Siku ile mtandao ulikuwepo. Nilifika tawi la tatu nikasema ngoja kwanza nione magoli ya jana. Nikayaona yote, nikayarudia, bando likakata kabla sijaigusa kazi yako. Nilipofika nyumbani uliniuliza kama nimelisoma kwa macho yangu lile neno, imepokelewa. Nikasema ndiyo.