Mawifi wa Mti wa Tatu

Jumatatu, 4 Novemba 1957
Masera Angélique, mtawa anayetufundisha, amesema kaye yangu ya ndege, daftari ninamowaandika ndege wa mtoni, ndiyo bora darasani. Bora! Nilishusha macho kwa unyenyekevu, nikajikwaa kwenye benchi. Jumanne ya wiki ijayo inspekta anakuja kuchagua msichana wa kwenda shule ya walimu. Mmoja tu. Kaye yangu itakuwa mezani kwake.

Jumatano, 6 Novemba
Nimewahesabu tena ndege wavuvi, wale weusi kwa weupe, kwenye miti iliyosimikwa mtoni kushikilia mitego ya samaki. Sita. Wengine huona ndege tu. Mimi humjua kila mmoja! Bibiche: mkufu mweusi wa kifuani umekatika karibu na bawa. Huyo ni wa asubuhi, tukivuka mto kwenda shule. Pétronille: mkufu mzima, doa jeupe nyuma ya jicho. Wa jioni, tukirudi. Wote hukaa mti wa tatu, lakini sijawaona pamoja hata mara moja. Nimeandika: ni mawifi, wamegombana. Masera ametia pembeni kwa wino mwekundu — très bien, vizuri sana!

Jumamosi, 9 Novemba
Aibu.
Leo hakuna shule, nikaomba kwenda na mjomba, tonton Basile, kukagua mitego. Bibiche alikuwa kwenye mti wake. Tukazunguka upande wa pili. Hakuruka. Nikatazama — Pétronille!
Nikauliza, tonton, yule mwingine amekwenda wapi?
Tonton akaacha kupiga kasia. "Mwingine gani? Ndege iko moja! Siku zote anaangalia maji kule inatoka. Asubuhi tunapita kushoto yake, mangaribi kuume. Alors, wewe uko na macho ya nini?"
Nikamweleza habari ya mawifi. Alicheka mpaka mtumbwi ukaenda upande. Akamwita mvuvi wa mtego wa pili: "Benoît! Kuja usikie! Mutoto yetu amegombanisha ndege na bawa yake!"
Tukapita na kwa wale wengine: kila mmoja nilimwandika mara mbili. Sita ni watatu. Wiki tano za kazi!

Jumapili, 10 Novemba
Dada yangu Safi anasema, nyamaza tu, inspekta hawezi kupanda mtumbwi na viatu vyake vya ngozi kwenda kuwahesabu. Kweli, hawezi. Kanisani, katikati ya sala, nikajikuta nachunguza mashavu ya jirani yetu Mama Julienne, la kushoto, kisha la kuume. Hata yeye ningemwandika mara mbili.

Jumanne, 12 Novemba
Inspekta yuko ndani. Masera amenirudishia kaye kwa dakika kumi nifunike jalada kwa karatasi safi. Anataka kumwonyesha kwanza ukurasa wa mawifi.
Niko kwenye benchi ya barazani. Jalada sijaligusa. Nimekata "sita", nikaandika "watatu". Chini: "Bibiche na Pétronille ni ndege mmoja. Nilimtazama upande mmoja mmoja." Nimemchora pande zote mbili. Tone la wino likaanguka — sasa ana mdomo wa bata!
Mlango umefunguka. Masera anatabasamu. Anasema, funga kaye, mtoto, njoo.
Wino bado mbichi. Nikiifunga, yote yatachafuka. Itabidi niingie nayo wazi, kwenye ukurasa huo huo —