Mbao Mbili za Kushoto

Salehe, mtani wangu,

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumatatu, na mie nilikuwa nimeshakukasirikia tangu Jumapili, mawingu yalipoanza kukusanyika. Masika tisa tumelinda pamoja lile bwawa la shamba la mkonge, wewe Mzaramo wa hapo hapo, mie Mnyamwezi niliyekuja kwa miguu kutafuta kazi. Halafu unakwenda zako kwa homa ya siku nne, mwezi mmoja kabla kambare hawajaanza kupanda mto kwenda kutaga. Mwezi mmoja! Hukuweza kusubiri?

Kwenye mazishi nilitimiza utani wangu. Nilizuia jeneza njiani nikawaambia watu, "Mzaramo mvivu huyu, hata kufa kafa kalala." Wakacheka. Shemeji naye akacheka, kajifunika kanga. Kisha mie mwenyewe nikashindwa kuondoka njiani. Ilibidi wanishike mkono wanisogeze.

Nakumbuka masika yangu ya kwanza pale. Ulikuwa unaumwa jino, ukaniachia lango. Nikapiga hesabu zangu: nikiinua lango la chini inchi mbili tu, samaki watapata njia na maji hayatapotea mengi. Nikajiona bingwa. Kumbe kwa upenyo ule mdogo maji yalitoka kwa kishindo, kambare wanapiga vichwa wanarudishwa, wanapiga tena, wakarundikana chini ya ukingo na matumbo yamejaa mayai. Watu wakaja na matenga na mapanga. Ulipofika, shavu limevimba, umejifunga kitambaa, hukunipigia kelele. Ulisema tu, "Mnyamwezi, maji umeyahesabu. Na samaki je?"

Ukaingia majini na jino lako hivyo hivyo. Ukanionyesha: lango la chini lisiguswe. Zitolewe mbao mbili za juu, upande wa kushoto, maji yashuke polepole juu ya mawe uliyoyapanga kama ngazi. Kambare apande jiwe moja, apumzike, apande jingine. Siku saba, kisha mbao zirudi.

Tangu siku ile nikawa naandika kwenye daftari vipimo vya fimbo yetu ya kupimia maji. Masika manane, Salehe. Kila mara maji yanashuka inchi nane, na kila mara, tukisharudisha mbao, siku tatu hazipiti bwawa limejaa tena. Mzungu wa zamani wa shamba alituachia tuzitoe kwa sababu aliliona hilo kwa macho yake. Huyu mpya kasema mbao isiguswe, mashine ya mkonge inataka maji. Nilimpelekea daftari. Hakulifungua. Alilisukuma pembeni kwa kidole kimoja, kama sahani chafu.

Jumanne alfajiri nikazitoa.

Nilijua ninachofanya, usiniulize. Nilisimama kwenye matope na kokoto mfukoni, kila samaki akivuka nahamisha kokoto moja mfuko wa pili. Mpaka Alhamisi walikuwa mia moja arobaini na tatu. Mmoja alikaa kwenye jiwe la tatu muda mrefu mno, nikajikuta namwambia, "Haya bibi, twende, wenzio wanangoja," kwa sauti yako kabisa. Nikaangalia huku na huku kama kuna mtu kanisikia.

Alhamisi hiyo hiyo nyapara akaja na fimbo. Inchi nane pungufu. Nikamwambia ngoja bwawa lijirudie, hesabu zipo. Akasema, "Hesabu zako kazifanyie nyumbani." Miaka tisa ya kazi ikaisha hapo, kabla ya saa nne asubuhi. Ninachoumia si kufukuzwa. Ninaumia kwamba walipima siku ya tatu, mbao bado ziko nje.

Wakamweka Athumani, yule mwenye mvi aliyekuwa kwenye mashine, wakamwamuru arudishe mbao siku ile ile. Jioni akaja kwangu. Hakukaa. Akauliza samaki waliobaki chini ni wengi? Nikamwambia ni wengi kuliko waliovuka. Akakuna kidevu, akasema, "Basi nimemwambia nyapara mbao zimevimba, haziingii mpaka Jumanne." Nikamtazama. Mbao zile tulizipaka lami mie na wewe, hazijavimba hata siku moja. Akaondoka anacheka peke yake.

Nimefungua banda la kutengeneza baiskeli Chang'ombe. Wateja wapo, mikono ninayo, usinihofie. Shemeji hajambo, anakula sasa, na ukuta wake wa nyuma nimeukandika upya.

Pumzika, mtani. Sina mamlaka tena juu ya mbao, hizo nimemwachia Athumani. Lakini nakuahidi hili: kila masika nitafunga banda siku saba, nitakuja kusimama kule chini ya ukingo, na mwenye panga atapita kwangu kwanza. Kwa hilo sihitaji ruhusa ya mzungu.

Mimi, mtani wako,
Masanja