Nilizing'arisha Baiskeli za Baba, Sasa Jirani Anaitwa Mwizi

Mpendwa Shangazi, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti mbele ya banda la baba, na nakuomba unisikilize hadi mwisho, kwa sababu kila ninayemweleza ananikatiza njiani na kuniambia eti hizo ni baiskeli tu.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari, nina karakana yangu ndogo na watoto wangu, mume anafanya kazi mbali, na ninamtunza baba mzazi ambaye alikuwa fundi baiskeli tangu ujana wake mpaka macho yalipoingia ukungu, na huyu baba, Shangazi, hakuwahi kutupa baiskeli hata moja, mtu akileta yake kutengenezwa asirudi kuichukua baba anaiweka bandani, mtu akifariki na wanawe hawaitaki baba anaipokea anaiweka bandani, hadi zikafika mia na ushee, nyingine zimening'inia darini, nyingine zimeegemeana ukutani, nyingine zimelaliana kama watoto wa kitanda kimoja, na ukimwambia aziuze anakujibu, "Na mwenyewe akija je?" hata kama huyo mwenyewe tulishamzika.

Siku hizi akili yake inamtoroka. Sisi watoto anatuchanganya, mimi ananiita jina la dada yake marehemu, akimaliza kula anauliza mbona leo hatupiki, lakini ulikuwa ukimwingiza bandani anarudi kuwa yule baba wa zamani, anapitisha mikono kwenye fremu moja baada ya nyingine bila kuhitaji macho na kusema, "Hii ya mkunga, pedali ya kushoto imelika kwa sababu alikuwa akiruka kabla haijasimama, akiitwa huyo haji, anaruka. Hii ya mwalimu wa hesabu, hapa palipobonyea ni siku aliyojitia kuangalia kengele inavyolia badala ya kuangalia mtaro. Hii ya mpiga picha, keria nilimchongea mwenyewe kwa mbao ya kabati, kamera yake isitikisike." Nilikuwa nakaa mlangoni namsikiliza na nafurahi, Shangazi, nakuambia kweli, hizo ndizo zilikuwa saa pekee nilizokuwa na baba.

Basi kaka yangu akamchukua akakae kwake ili afanyiwe upasuaji wa macho, akakaa huko msimu mzima, na huku nyuma paa la banda likaanza kuvuja na kutu ikazidi, kaka akawa ananitumia kwenye simu picha za baiskeli za kale zilizorudishwa upya, zinang'aa mpaka unajiona sura, akaniambia, "Dada, tumfanyie mzee mambo. Akirudi azikute kama zilivyotoka kiwandani." Nikaingia mzima mzima. Nilijifunza kusoma nembo ya mbele, namba iliyogongwa chini ya fremu pale pedali zinapopita, mkunjo wa uma wa mbele, hata mistari ya dhahabu iliyojificha chini ya tabaka za rangi, nikawa naweza kukuambia hii imetoka kiwanda gani na ni ya enzi gani, na kichwa kikanivimba, sikatai. Kila kisichokuwa cha kiwandani nikakitoa. Keria ya mbao, nje. Digadi ya kuzuia tope iliyofungwa kwa waya, nje. Pedali iliyolika upande, nje. Palipobonyea nikapanyoosha, gurudumu la hii nikalihamishia ile ili yafanane, fremu zote nikazisugua kwa msasa hadi chuma cheupe na kuzipulizia rangi upya, halafu mnunua vyuma chakavu akapita na mkokoteni akabeba vyote nilivyovitoa, na mimi nikamshukuru kwa kunisafishia uwanja.

Jirani yetu ni fundi wa kuchomelea, baba ndiye aliyempa jina la Cheche, na wamekuwa marafiki tangu kabla sijazaliwa, kila alasiri wanakaa kwenye benchi la karakana yake wakitaniana mpaka giza, na ndiye anayeshika ufunguo wa pili wa banda kwa sababu baba hakumwamini mwingine. Fremu zilizopasuka alinichomelea yeye bila kudai chochote, huku akiimba, akisema, "Mzee ataruka hadi darini."

Baba akarudi. Macho hayakupona. Nikamshika mkono nikamwingiza bandani, akanyoosha mkono pale ilipokaa ya mkunga siku zote, akapapasa, akaenda ya pili, akapapasa, akaenda ya tatu, halafu akasimama na kuuliza, "Hizi za nani?" Nikacheka, nikamwambia, "Zako, baba." Akapapasa tena, safari hii kwa haraka, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, akasema, "Za watu ziko wapi? Watu wameniachia vitu vyao. Nani aliingia humu?" Kisha akaanza kulia, Shangazi. Sijawahi kumwona baba akilia, hata mama alipofariki. Na mimi niliyekuwa nimejiandaa kusema nilivyohangaika, nikasema, "Sijui, baba."

Halafu akasema, "Ufunguo anao Cheche."

Tangu siku hiyo baba anasahau kila kitu isipokuwa hilo. Anasimama kwenye ua akisikia mashine ya jirani inaanza kuunguruma anapiga kelele, "Mwizi! Rudisha vitu vya watu!" na wateja wa Cheche wanasikia, wengine wageni hawajui kwamba mzee ni mgonjwa, juzi mtu aliyekuja kuagiza geti aligeuza akaondoka. Nilimfuata Cheche kumwomba radhi, akaniambia, "Mwache anitukane mimi. Wewe unamlisha. Akikuchukia wewe atakula kwa mkono wa nani?" Nikaondoka hapo nikiwa nimepata nafuu, Mungu anisamehe. Na kaka naye kwenye simu anasema hivyo hivyo, mgonjwa habishiwi, acha aamini anavyoamini. Na ni kweli baba hakubali kuogeshwa wala kulishwa na mtu yeyote ila mimi, tulijaribu mfanyakazi akamtemea chakula.

Ila mke wa Cheche alikuja. Hakugomba. Alisimama mlangoni akasema, "Mume wangu hali chakula cha usiku. Nilitaka tu ujue," akaenda zake. Na kibaya zaidi, ikifika alasiri baba mwenyewe anageukia upande ule na kuniuliza, "Mbona Cheche haji leo?" Kabla sijajibu uso unabadilika, anakumbuka, anaanza kulaani.

Nimejaribu kurekebisha. Nilichukua baiskeli moja nikaipaka oili chafu, nikaikwaruza, nikaigonga nyundo pale ninapokumbuka ya mwalimu wa hesabu ilipobonyea, nikampelekea baba. Akapapasa mara moja tu. Akasema, "Hii haijaanguka. Hii imepigwa." Akaisukuma ikaanguka.

Sasa niambie, Shangazi. Nikisema ni mimi, baba atanikataa na atakufa njaa mbele ya macho yangu. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anazidi kuitwa mwizi na rafiki yake wa pekee. Maji yamenifika shingoni. Silali, sili, viti vya wateja vimejaa karakana na sindano siwezi kuishika.

Wako, Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi, nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na barua yako niliiweka chini nikazunguka chumba kabla ya kuichukua tena. Pole sana mwanangu. Pole hiyo iweke mahali salama, maana ninayoyasema baada ya hapa ni makali.

Kuzing'arisha sikulaumu. Ulifanya kwa mapenzi, na mikono yako imechoka kwa ajili ya babako. Ulikosea, naam. Ulizitambua kwa viwanda, yeye alizitambua kwa watu, na ulipotoa kila kisichokuwa cha kiwandani ulitoa kazi yote ya mikono ya babako na mwili wa kila aliyewahi kuziendesha. Hilo limepita na halirudi. Usinitazame mimi nikupe njia ya kulirudisha, sina. Vyuma vile vimeshayeyushwa huko, usiende kumsumbua mwenye mkokoteni. Na nyundo iweke chini kabisa. Kumdanganya kipofu kwa kumpigia fremu kibonyeo cha uongo! Mzee kakujibu vizuri kuliko ningekujibu mimi.

Ninalokulaumu ni lile neno moja, "Sijui." Ulijua. Na ulijua tena kesho yake, na juzi mteja wa geti alipoondoka ulikuwa unajua. Cheche akakuambia mwache anitukane mimi, na wewe ukapata nafuu! Yeye alisema vile kwa wema wake, na wema wake ulipaswa kukuumiza, wewe ukaufanya godoro. Mwanamume mzima hali usiku ili wewe upendwe na babako mchana. Hebu rudia sentensi hiyo taratibu, uone kama inamezeka.

Unaniambia unaogopa baba asije akafa njaa. Naamini unaogopa hilo. Lakini kuna hofu nyingine nyuma yake hujaiandika, na mimi nimelea wagonjwa wa namna hii ndani ya nyumba yangu naijua: unaogopa kuwa mgeni kwa mtu wa mwisho anayeukubali mkono wako. Inauma. Hata hivyo huo mkono anaukubali kwa jina la dada yake, mwanangu. Ulishampoteza kiasi kikubwa kabla hujagusa msasa, na hakuna aliyekupa nafasi ya kuomboleza, ndiyo maana ukang'ang'ania baiskeli.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi, karakana ya Cheche ikiwa na watu, nenda usimame pale na umwambie kwa sauti ya kusikika kwamba banda ulilifungua wewe, vitu vya mzee ulivibadili wewe, na yeye hakuchukua hata msumari. Usimnong'oneze pembeni, alitukanwa hadharani na asafishwe hadharani. Atakuzuia, ndivyo alivyo. Usizuilike. Ukitoka hapo mtafute mkewe, na huyo usimweleze mengi, mwombe radhi na unyamaze aseme yeye.

Huyo kaka anayetoa ushauri kwa simu, mwambie Shangazi anasema apande gari aje. Picha za kung'aa alituma yeye. Aje akae humo ndani, ajifunze kumwogesha babake, atemewe chakula na yeye mpaka mzee amzoee. Asijitie ana kazi nyingi, wewe pia una viti vya watu vimelala.

Halafu ukae na baba. Mshike mikono yote miwili, usimwingize bandani, na umwambie kwa maneno machache: "Baba, hakuna mwizi. Ni mimi. Nilizisugua, nikatoa vitu vya watu, nikavitupa." Usimweleze habari ya viwanda wala paa kuvuja. Usijitetee. Akikufukuza, ondoka. Akilia, kaa. Wala usimuulize kama amekusamehe, hana tena mahali pa kuuweka msamaha huo.

Na hapa ndipo sitakudanganya. Kichwa chake hakishiki maneno tena, kinashika maumivu tu. Yawezekana asubuhi inayofuata ameshasahau yote uliyomwambia, na mwizi bado anamkumbuka. Atasimama tena kwenye ua na kupiga kelele. Nawe utamshika mikono tena, utamwambia tena ni mimi, naye atalia upya kama aliyesikia sasa hivi, kwa sababu kwake ni sasa hivi. Utakiri kesho, na keshokutwa, na siku ambayo umechoka kuliko leo. Nimetafuta namna ya kukupunguzia hilo nimekosa.

Cheche mwite arudi alasiri, akae naye, hata wakikaa kimya, hata siku za kwanza mzee akimtukana usoni. Na siku baba atakapokataa kijiko cha mkono wako, usimbembeleze wala usilie mbele yake. Mpe Cheche bakuli amlishe, wewe utoke ukae nje, umsikilize anavyokula.