Milango ya Jikoni Uani Kwangu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Adolf kaleta milango ya makabati ya jikoni ya mama mmoja wa Rusimbi. Anaipigia spray uani kwangu, ukuta wangu unazuia vumbi la barabara. Milango imekula moshi na mawese miaka mingi, ukiigusa kidole kinateleza. Yunisi, mjukuu wangu, ndiye mkewe, ndiye msaidizi wake. Akamwambia tuioshe kwanza kwa maji moto na sabuni. Adolf: msasa unatosha, tangu lini umekuwa fundi?

Jicho la Yunisi limevimba. Ati kabati lilimwangukia. Kabati gani hilo lenye vidole?

Jumatano, 9 Julai

Kapiga rangi nyeupe. Haikufika mchana — rangi imekimbia mafuta, milango ina mashimo kama uso wa mwenye ndui. Adolf akasema ni Yunisi, kakaanga samaki, migebuka, karibu. Mwongo. Jiko halijawashwa leo, tulikula viazi vya jana.

Akachukua mpira wa kompresa, ile mashine ya upepo wa spray, akampiga nao. Mgongoni. Shingoni. Mdomoni. Yunisi hakulia, hilo ndilo lililonitia wazimu. Asiyelia kazoea. Nikachukua mchi nikampiga Adolf mkono, nikasikia mfupa. Nikampiga tena niwe na hakika.

Kaondoka analia, mwanaume mzima. Vizuri.

Alhamisi, 10 Julai

Nilisema twende polisi. Yunisi hataki. Nikamtukana, kisha nikamkanda mgongo kwa maji ya chumvi. Mwana wanje, mtoto wangu mwenyewe. Ndiye aliyenifundisha kuandika, mvi zimeshanijaa.

Mama yake Adolf kapiga simu toka Kidahwe. Ati mwanangu kafungwa plasta mkono, na ndoa ni uvumilivu. Nikamwambia njoo uvumilie wewe, mwanao yupo na mgongo unao. Kakata.

Yunisi kakwangua rangi yote. Kaosha kwa maji moto, kakausha, kapiga msasa, primer ile rangi ya kwanza ya kushikia, tena msasa laini. Nikapitisha kiganja — kama tumbo la mtoto. Kisha rangi, nyembamba nyembamba, mkono hausimami. Mdomo umepasuka lakini alikuwa anaimba.

Ijumaa, 11 Julai

Wamekuja. Adolf na kaka zake wawili, Feliksi na yule mlevi. Naandika nimekaa chini, mgongo kwenye geti, komeo ni bovu. Kila teke nalisikia mbavuni. Nimempigia mwenyekiti wa mtaa. Anavaa viatu, kasema.

Adolf katoa sauti ya asali: Yunisi, mke wangu, tuyamalize nyumbani. Feliksi anasema atanichoma na nyumba yangu. Nimemuuliza kiberiti anacho, au nimpitishie chini ya geti.

Yunisi kasimama katikati ya milango yake mibichi. Kamwaga rangi iliyobaki. Anajaza thinner tupu kwenye bunduki ya rangi, ile dawa ya kuyeyushia rangi inayounguza macho. Kompresa inanguruma. Kaielekeza getini, usawa wa uso wa mtu.

Bibi, sogea, ananiambia.

Nasogea