Mama wa Afande Chande

Kilwa Kivinje,
Machi 2011.

Kwa Ndugu Mtafsiri, Dijei Bandari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Najua kila barua huanza hivyo, na shuleni ndivyo tulivyofundishwa, lakini naomba uisome sentensi hiyo mara ya pili, kwa sababu nauliza kweli. U mzima? Koo lako ni zima? Huku kwetu, kama utapenda kujua, hatujambo kiasi. Mvua zimeanza kuonjaonja, dagaa hawakauki vizuri, na wanawake wa sokoni wanagombana na mawingu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Jina langu nitaliandika mwisho, mahali pake.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Kornelio, anasema anayeandika barua ya malalamiko aanze na kile alichokipenda, ndipo aeleze kilichomuudhi, kisha aseme anaomba nini. Nitajaribu kufuata utaratibu huo, ingawa nahisi huko mbele nitauvunja.

Tulichokipenda Kivinje nzima ni ile tamthilia ya Kichina ya polisi uliyoitafsiri kwa sauti yako, sizoni ya kwanza. Jina lake la Kichina hatulijui. Huku inaitwa Afande Chande, kwa sababu ndivyo ulivyomwita yule inspekta mrefu mwenye koti jeusi. Msaidizi wake ulimwita Kijiko, na mkuu wa majambazi wa bandarini ukamwita Bwana Kitambi, ingawa ni mwembamba kama ufito. Kila alipotokea watu walicheka upya. Bi Kidawa, mwenye banda la video nyuma ya soko, aliionyesha alasiri baada ya swala, sisi wanawake tukiwa upande wa mkeka na wanaume kwenye mabenchi. Vijana walikuwa wakiitana Kijiko mpaka kwenye Hiace za Masoko. Muuza samaki akipunja mtu aliambiwa Afande Chande anakuja.

Mama yangu aliingia humo kwa bahati. Yeye hupika vitumbua, na Bi Kidawa humuuzia mlangoni. Siku ya kwanza alileta ndoo ya vitumbua, akasimama kungoja ndoo yake. Spika zikaanza. Ulikohoa kidogo, kama unavyofanya kila mara kabla ya kuanza, ukasema, "Haya jamaa zangu, kaeni vizuri, asiyekaa vizuri asinilaumu." Mama akakaa. Alikaa palepale mlangoni, kwenye mchanga, ndoo mapajani, mpaka sehemu ile ikaisha. Kesho yake alifika kabla yangu, na Bi Kidawa akamtania kwamba sasa atamtoza kiingilio cha mke wa maalim, ambacho ni mara mbili.

Niseme kwa nini lilikuwa jambo la ajabu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwake, banda la video lilikuwa mahali pa kupotezea watoto, na alikuwa na sababu yake, nitaifikia. Nilingoja ugomvi nyumbani. Haukutokea. Mama alikwenda bandani kila alasiri na Baba hakusema neno, ila alianza kwenda kukaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani, ile inayopakana na banda kwa nyuma, akiwa na tasbihi yake. Ukuta wa banda ni mabati. Mtu akikaa pale anasikia kila kitu.

Tulichokipenda kuliko mapigano yote ni ile picha. Unaikumbuka bila shaka. Kila sehemu inapokaribia kuisha, Afande Chande anasimama dirishani peke yake, anatoa mfukoni picha ndogo ya mwanamke, anaitazama. Hapo wewe ulishusha sauti. Ulituambia kwamba huyo ni mama yake. Kwamba baba yake alimfukuza angali kijana, na ameona haya kurudi. Kila mara ulituongezea kidogo. Siku moja ulisema mama huyo akikuna nazi huunyoosha mguu wa kulia pembeni ya mbuzi kwa sababu goti lake halikunjiki vizuri. Siku nyingine ulisema kwamba mtoto wake alipenda ukoko wa wali, na kila jioni mama alimwekea, akaufunika kwa sahani ya bati yenye ua jekundu, iliyobanduka rangi ukingoni. Kisha ulimalizia kwa maneno yaleyale, "Mama, sijafa. Nipo." Wanawake walijifuta macho kwa ncha za kanga. Bi Kidawa, ambaye hulia kwa kukasirika, alisema huyu Mchina akienda kwao atapewa makofi kwanza, chakula baadaye.

Jioni ile ya ukoko tulikuwa tunakula. Baba akaniuliza mimi, si Mama, yule askari akishaitazama picha anakwenda wapi. Nilishangaa amejuaje habari za picha, lakini nikamjibu kwamba anairudisha mfukoni, anarudi kazini. Akaniuliza, "Haendi nyumbani?" Nikamwambia bado, labda sizoni ya pili. Akasema, "Haya, tungoje," akaomba maji ya kunawa.

Baba hakuiona sizoni ya pili. Alifariki mfungo pili mwaka jana, kwa maradhi ya kifua. Hakuteseka sana, na alizikwa mchana, watu wengi. Wanafunzi wake walitoka mpaka Singino na Masoko. Naliandika hili katikati ya barua ya malalamiko ya tamthilia, na najua Mwalimu Kornelio angelikata kwa wino mwekundu.

Sasa kilichotuudhi. Eda ya Mama ilikuwa bado haijaisha sizoni ya pili ilipofika, na Bi Kidawa, ambaye ana moyo mzuri kuliko mdomo wake, aliificha kwenye kabati. Aliapa kwamba Kivinje haitaiona mpaka Mama Maalim atoke ndani. Watu walimtukana, wengine walipanda gari kwenda kuitazama Masoko, yeye hakujali. Mama alipomaliza eda, Bi Kidawa alimwekea kiti chenye mto mbele ya mkeka. Banda lilijaa mpaka watoto wakabanana na deki. Mama alijifunga kanga mpya. Spika zikaanza, na hapakuwa na kikohozi.

Ilikuwa sauti ya mtu mwingine. Sitamsema vibaya, anajua kazi yake. Anatafsiri anachokikuta, basi. Afande Chande akawa Inspekta Wei. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti Wei ndiye nani, na Chande amepewa uhamisho wa kwenda wapi. Bwana Kitambi akawa Bosi fulani, hakumchekesha mtu. Kijiko hayumo kabisa. Mama mmoja wa dagaa alisema huyu kaka sauti yake ni ya kusomea matangazo ya vifo redioni, wamrudishe huko. Hadithi yenyewe ilipoa. Yule askari wetu aliyekuwa hapokei hata chai ya bure sasa anakunywa na majambazi na kuwafichia mizigo. Watu waliendelea kuja kwa ajili ya picha tu, wakisema subirini, atakwenda kwa mama yake, ndiyo maana wanachelewesha.

Ikafika sehemu ya sita. Inspekta alisimama dirishani. Alitoa picha. Mtoto mmoja akazibwa mdomo. Kisha akatoa kiberiti, akaichoma.

Sijui kama huko Dar es Salaam mnaweza kuelewa kelele zilizopigwa. "Anachoma picha ya mama yake!" "Mama yako huyo, wewe!" Mtu alirusha kandambili ikapiga runinga. Na yule mtafsiri, kwa utulivu wake, akasema, "Kesi imefungwa. Shahidi apumzike kwa amani." Watu wakaulizana shahidi gani. Walidai kiingilio chao, na Bi Kidawa akasimama mlangoni akawauliza kwani yeye ndiye aliyempa kiberiti. Ndani ya fujo ile Mama aliinuka, akapita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akaenda nyumbani. Ndoo yake aliiacha.

Tangu siku hiyo hajapika vitumbua. Anakula kidogo, nikimsihi. Akikaa, anakaa akitazama mlango. Majirani wanasema ni msiba wa Baba umemrudia, na mimi pia nilidhani hivyo. Lakini alipokuwa edani alikuwa akicheka na wageni, na akiniuliza kila siku kama sizoni ya pili haijaanza kuonyeshwa.

Neno lile "shahidi" lilinikaa. Kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, na mimi Kiingereza nakisoma kwa kamusi. Nilimwomba Bi Kidawa aniwekee tena sizoni ya kwanza asubuhi ya Jumamosi, banda likiwa tupu, na azime sauti. Aliniuliza kama nimeanza kupenda sinema za mabubu, lakini akaniwekea. Nikasoma. Mwanamke wa kwenye picha ni shahidi aliyeuawa na majambazi, na yule inspekta alishindwa kumlinda. Hakuna mama. Hakuna baba aliyefukuza mtoto. Nikasubiri pale dirishani, nione ukoko umeandikwaje kwa Kiingereza. Askari alisimama, alitazama picha, midomo yake haikusogea. Chini ya kioo hapakuwa na neno hata moja. Nikaweka sehemu ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Kimya. Mambo yote yale yalikuwa yako.

Nilirudi nyumbani nikaenda jikoni. Sahani ya bati yenye ua jekundu ipo juu ya kabati letu. Imebanduka ukingoni. Tangu nilipokuwa mdogo nimeiona kila jioni ikifunika ukoko, na kila asubuhi ukoko ule wanapewa kuku. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni desturi ya nyumba, kama kufunika maji.

Kaka Ahmadi.

Nisamehe kwa kukuita Ndugu Mtafsiri ukurasa mzima na zaidi. Anwani niliyoipata kwenye ganda la CD ni ya studio, na sikujua nani ataifungua barua kwanza. Tena niliogopa kwamba nimekosea. Nilipokuwa darasa la kwanza Baba alikukuta bandani wakati wa swala, umesimama pembeni ya runinga unawaeleza watu sinema ya Kihindi usiyoijua lugha yake, na wao wanacheka. Alikutoa kwa sikio mbele yao. Nyumbani alikwambia anayetaka picha akalishwe na picha. Nakumbuka mgongo wako ukitoka, shati la kijani. Sauti yako sikuikumbuka, ndiyo maana nilikaa mwaka mzima bandani nikikusikiliza kama mgeni.

Nilimuuliza Mama. Nilidhani nampelekea habari. Akaniambia alikujua kwenye kikohozi, kabla hujasema neno, na akaniuliza mtoto aliyemzaa yeye angehitaji kutambulishwa na nani. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Alisema alitaka Baba asikie mwenyewe, asiambiwe, kwa sababu Baba akiambiwa jambo hubisha. Na Baba alisikia. Mama anasema, siku ulipolitaja goti lake, Baba alikujua, na siku ya ukoko alikuwa na hakika. Walilala kitanda kimoja kila mmoja akijua, wasiambizane, wakikungoja wewe uwajibu kwenye sizoni ya pili. Ndiyo maana aliniuliza mimi lile swali. Hakuwa akiuliza habari za Mchina.

Najua picha ile hukuichoma wewe. Mama naye anajua. Kilichomwangusha ni kwamba sauti yako haipo, na hapana aliyesema iko wapi. Watu wanasema mengi: Dijei Bandari amekwenda Omani, amegombana na studio, amepoteza sauti, amekufa. Namba iliyoandikwa kwenye CD haipatikani. Kama unaumwa, tuambie unaumwa. Kama huna kazi, Mama anasema hajawahi kukuuliza kazi. Hakuniagiza nikwambie urudi. Ameniagiza nikuombe useme tu kwamba upo, kwa maneno yaleyale, kwa njia yoyote. Simu ya Bi Kidawa nimeiandika nyuma ya bahasha. Yeye sijamwambia, kwa maana akijua, kesho atajua mpaka muadhini.

Ombi langu mwenyewe ni jingine. Baba aliuliza kama yule askari haendi nyumbani, nami nikamjibu bado. Sipendi jibu langu ndilo liwe la mwisho. Kaburi lake lipo karibu na njia, upande wa minazi miwili, hutapotea.

Mama anakusalimu sana. Wanafunzi wa Baba, ambao wengine wana ndevu sasa, wangekusalimu kama wangejua naandika. Nasikia Mama jikoni anakwangua sufuria. Leo nimepika wali mimi, na moto umezidi. Naifunga bahasha kabla giza halijaingia, niiwahi gari ya asubuhi.

Mdogo wako uliyekuwa ukimbeba mabegani,
Mwanasha binti Maalim Abilahi