Maharusi Wangu Kwenye Folda ya Taka

Shoga, kitendawili: nina shimo ndani ya duka, waliomo wananiita na mimi siwasikii. Usinipe mji, nitapasuka, najibu mwenyewe.

Folda ya taka! Kwenye kompyuta yetu ya duka!

Unakumbuka nilivyokulilia kwamba maharusi ninaowashonea wamenikimbia? Na mke wa mwanangu akawa ananipoza, "Ni umri tu, Mama. Watu siku hizi wanataka magauni ya tayari." Ya tayari anauza nani? Si ni yeye!

Leo nilikuwa nimesimama nyuma yake, pini mdomoni. Barua pepe ikaingia, binti anataka nimshonee gauni la harusi. Mkwe wangu akabonyeza "Taka", akaiambia ile barua, "Nenda kwa wenzako." Shoga, nenda kwa wenzako! Nusura nimeze pini.

Alipotoka kwenda kula nikaifungua hiyo folda. Wamejaa! "Bibi fundi, nimekukosea nini?" Mmoja ameshaolewa na gauni la kuazima. Nimelia, shoga.

Halafu nikafuta machozi, nikabonyeza vilevile alivyobonyeza yeye. Wangu wote nimewatoa. Wateja wake wote nimewatia humohumo, na wakiandika tena barua zinatumbukia shimoni zenyewe.

Sasa hivi amekaa mbele ya kompyuta anajikuna kichwa. "Mama, mbona leo hakuna hata mteja mmoja?"

Nimemshika bega kwa upole.

"Ni umri tu, mwanangu. Watu siku hizi wanataka magauni ya kushonwa."