Kompyuta Iliyoanikwa Pamoja na Mpunga

Shikamoo Mama Aikande,

Naomba unisaidie kabla sijaumbuka mbele ya watu, maana mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa mpunga hapa Ifakara, mtu mzima mwenye mke na watoto watano, na tangu mwezi wa tatu usingizi sipati, kisa ni kompyuta. Ni ile ndogo ya kukunja, wenyewe wanaiita laptop, tuliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza mbu, akasema kwao imeshazeeka lakini hapa itatufaa, nami kwa kuwa nilihudhuria semina ya siku tatu Morogoro na cheti nimekitundika ukutani, nikateuliwa kuwa mtaalamu, na kweli niliingiza kwa kidole kimoja majina ya kaya arobaini na tatu zitakazogawiwa mashamba mapya kule Chita, kila kaya na ukubwa wa shamba lake na jirani anayepakana naye, kazi ya wiki sita.

Sasa Mama, wilayani wanataka orodha hiyo ifike mwisho wa mwezi wa nane, isipofika mashamba watapewa waombaji wengine, na mashine haiwaki sawasawa. Nikiiwasha inalia tii, inaguna, halafu inaleta mstari mmoja wa Kiingereza kwamba disketi si ya mfumo, sijui niibadilishe kisha nibonyeze kitufe chochote, nami nimevibonyeza vyote, hata vile ambavyo mwalimu wa semina hakuvitaja, inarudia mstari uleule. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini wanachama walipouliza mashine inasema nini, niliwajibu inasema inajipanga.

Si kwamba sikuitunza. Hakuna anayeingia ofisini na viatu, hata mwenyekiti anaacha ndala mlangoni. Nimeifunika kitambaa cha maua alichokifuma mke wangu. Na kwa kuwa semina ilitufundisha kwamba adui wa kompyuta ni vumbi, na mende wa hapa kwetu hawana adabu, ule mdomo wake wa ubavuni nimeuziba kwa disketi, kile kibapa cha plastiki cha kuhifadhia kazi, tangu huo mwezi wa tatu na siitoi kamwe. Nikafikiri labda imeingiwa na ubaridi wa masika, maana maji ya mwaka huu hayakuwa ya mchezo, basi nikaianika juani kwenye jamvi pamoja na mpunga, siku mbili, naigeuza kila saa huku nafukuza kuku. Haikusaidia.

Utaniuliza daftari la majina liko wapi. Mama, siku ya kuzindua kompyuta, majina yakiwa yameshaingia yote, nilihutubia kwamba zama za makaratasi zimekwisha, nikampa daftari muuza karanga wa pale stendi afungie karanga zake, wanachama wakapiga makofi. Sasa nanunua karanga kila siku ili nipate kurasa, nimeshaokoa majina kumi na moja na tumbo linaniuma.

Tena ofisini kuna huyu taipisti, Bibiana, ana miaka kumi na minne na chama, taipureta yake niliifungia stoo na ufunguo ninao mimi, siku hizi anachemsha chai. Wiki iliyopita, mbele ya mwenyekiti, akasema, "Bwana katibu, hebu kitoe hicho ulichokichomeka hapo ubavuni, tuone." Nikamwambia kompyuta si sufuria. Tangu hapo ananitazama tu na kutabasamu, nami naona ni dharau.

Kinachoniumiza zaidi ni Mzee Dionisi. Kila wiki anapanda treni kutoka Chita, anavua kandambili zake mlangoni, ananiuliza, "Mwanangu, jina langu limo?" Namjibu limo. Ameshang'oa visiki kwenye hilo shamba na wajukuu ameshawahamishia huko. Nifanyeje, Mama?

Mtaalamu Aliyekwama,
Viwanja Sitini, Ifakara.

*

Marahaba mwanangu, na unisamehe, nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka kwenye karanga. Nilipofika kwa Mzee Dionisi nikaacha.

Mimi kompyuta sijui, naandika kwa kalamu. Kwa hiyo barua yako nilimpelekea Jenifer, binti anayepanga kurasa za gazeti hili, naye hakuimaliza, akasema, "Mama, si aitoe disketi!" Anasema mashine ya namna hiyo ikiamka huangalia kwanza mdomoni mwake. Ikikuta disketi, hutafuta humo maelekezo ya kuanzia kazi, isipoyakuta inasimama palepale na kukulalamikia. Maelekezo yenyewe yako ndani ya mashine, na majina uliyoyaingiza yamo humohumo. Zima. Kando ya ule mdomo kuna kitufe kidogo, kibonyeze, disketi itachomoza, itoe, kisha uwashe upya. Kazi ya dakika moja umeikalia miezi mitatu. Kuhusu kuianika na mpunga, Jenifer anasema tumwombe Mungu.

Sasa tuseme kweli. Barua yako imesafiri kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam, imekaa mezani kwangu siku nane, ili uje uambiwe na binti wa mjini jambo lilelile uliloambiwa na Bibiana bure akiwa ameshika birika. Dharau iko wapi? Mashine inasema badilisha disketi, Bibiana anasema toa disketi, wewe unawaambia watu inajipanga! Kha! Kuuliza si ujinga, baba, na wewe hata kuuliza hukutakiwa, jibu lilikufuata lenyewe ulipokaa ukalifukuza kama wale kuku. Miaka kumi na minne mtu anapiga chapa majina ya watu wenu, ukamwona wa kuchemsha chai kwa sababu ya cheti cha siku tatu. Nimekasirika, sikufichi.

Wazee wa watu waache waingie na viatu vyao. Mzee Dionisi akija tena, usimwambie "limo" ukaishia hapo. Mwambie, "Limo kwenye mashine, mashine imegoma, na kosa ni langu." Atakasirika, ana haki. Mficha uchi hazai, na hapa watakaokosa shamba ni wajukuu wa mwenzio.

Mashine ikiwaka, usianze kuhutubia. Bibiana akae mbele ya kioo cha mashine na taipureta yake, apige chapa majina yote arobaini na matatu siku hiyohiyo, nakala tatu, moja ipelekwe wilayani kwa mkono. Isipowaka, pandeni treni wewe na yeye na hiyo taipureta mpaka Chita. Kila mkulima analijua jina lake, anaujua mpaka wake na anamjua jirani yake. Keti hapo uwaulize mmoja mmoja, Bibiana apige chapa. Siku mbili tatu mmemaliza, na mwisho wa mwezi wa nane bado haujafika.

Ila sikiliza, maana nakujua hata kama sijakuona. Hivi unavyosoma unapanga kuwahi ofisini peke yako, uichomoe disketi kimyakimya, mashine iwake, ndipo uwaite waje waone utaalamu wako. Usithubutu. Mwite Bibiana, mwite na mwenyekiti yuleyule aliyekuwepo. Mpe ufunguo wa stoo mkononi, mwambie, "Dada, ulisema kweli, nami nilikujibu vibaya, nisamehe." Halafu kitufe akibonyeze yeye.

Mashine ikishawaka hutamwomba radhi tena. Ikikataa kuwaka, utamwomba kwa sababu unamhitaji. Mwombe sasa, kabla hujajua.